Mama Mvuke na Kichwa cha Sheba

Shangazi akikosa amani hupiga pasi. Akiikosa kabisa, hupiga pasi vitu visivyojua pasi ni nini: soksi, taulo la jikoni, dekio. Ile Jumatano alirudi kutoka kazini jioni, hakuvua viatu, hakuuliza kama kuna chai. Aliwasha pasi, akaanza kunyoosha kitambaa cha meza alichokuwa amekinyoosha Jumapili. Alipomaliza upande mmoja akageuza. Alipomaliza wa pili akaurudia wa kwanza. Mume wake ni fundi saa, mtu anayeshinda ameinamia vigurudumu vidogo kuliko mbegu ya ufuta, na kwa hiyo subira yake ni ya jiwe. Alimtazama juu ya miwani, kisha akasema, "Mke wangu, hicho kitambaa kimeshakiri makosa yote. Kiachie."

Hakucheka. Hapo ndipo tulipojua kuna jambo.

Kazini wanamwita Mama Mvuke. Amekuwa mkuu wa chumba cha dobi cha hospitali kwa miaka ishirini na miwili, na chini yake wako wanawake kumi na watatu. Wasomi wa ghorofani wanadhani hospitali inasimama kwa sababu ya madaktari. Muulize daktari atafanya nini siku mashuka yakikosekana. Atakwambia atarudi nyumbani. Chumba chenyewe kiko nyuma kabisa, baada ya jiko, hatua chache kabla ya jalala. Kina mlango wa nguo chafu na mlango wa nguo safi, na aliyeingia kwa huu hatokei kwa ule mpaka anawe hadi viwikoni. Sheria hiyo ni yake Shangazi. Mganga mkuu mwenyewe aliwahi kurudishwa mlangoni akanawe, naye akaenda ameshika adabu kama mtoto wa chekechea.

Kazi nzito kuliko zote mle ndani ni vifurushi vya upasuaji. Vitambaa vya kijani vinakunjwa kwa namna moja tu, vinaviringishwa ndani ya kitambaa kingine, vinafungwa kwa uzi, kisha vinaingizwa kwenye mashine ya mvuke ya kuua vijidudu. Kila mwanamke ana rangi yake ya uzi, ili likitokea la kutokea ijulikane ni mkono wa nani. Vikitoka mvukeni vinawekwa juu ya fremu ya mbao vipumzike kama mzazi, nusu saa nzima, hakuna kugusa. Halafu kila kimoja kinawekwa shavuni. Kiganja cha dobi kimeungua mara nyingi mno, hakijui tena unyevu wala ukavu. Shavu ndilo linalojua. Kifurushi chenye unyevu hakiendi popote, kwa sababu vijidudu hupita juu ya unyevu kama wageni juu ya zulia. Na kuna la mwisho, ambalo kila mfanyakazi mpya hufundishwa kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi: kifurushi cha moto hakilazwi juu ya chuma baridi. Ukikilaza, kinatoa jasho.

Sasa, asubuhi ya ile Jumatano, mzee mmoja mwenye ngiri alikuwa juu ya meza ya upasuaji. Hajala tangu jana yake, ameshasali sala zote anazozijua, ameshawasamehe hadi wakwe zake. Muuguzi akafungua kifurushi cha kwanza, kimeloa chini. Akafungua cha pili, kimeloa. Vyote sita. Mzee akateremshwa, akarudishwa wodini na ngiri yake. Wanasema hakuuliza sababu. Aliuliza uji.

Haikupita saa moja, Katibu wa hospitali akateremka dobi, mahali ambapo hajawahi kuteremka hata siku ya kugawa aproni mpya. Katibu ni mtu wa shati la mikono mirefu na sauti ndogo. Akikasirika, sauti inazidi kuwa ndogo, mpaka inabidi umsogelee ili usikie vizuri unavyofukuzwa kazi. Alikuwa amebeba sinia, juu yake vifurushi sita vilivyofunguliwa, na nyuzi sita nyekundu zinaning'inia.

Nyekundu ni ya Chapchap, binti wa meza ya kukunjia.

"Nataka jina," alisema. "Kwa maandishi, kutoka kwa mkuu wa idara, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Saa nane bodi inakaa. Nikiingia mle bila jina, kuna kampuni huko nje iko tayari kufua nguo zetu zote, na mahali hapa patakuwa maegesho."

"Maegesho?" akadakia mwanamke wa mashine ya pasi, ambaye wenzake humwita Redio kwa sababu zisizohitaji kuelezwa. "Maegesho ya nini, nanyi mna gari moja na halina betri?"

Katibu aliacha sinia juu ya meza ya kukunjia, akaondoka.

Nisimfichie mtu jambo. Chapchap alifunga vile vifurushi sawasawa, Jumanne alasiri, akaviingiza mvukeni, kisha akatumwa wodini kupeleka mashuka. Aliyevitoa ni Shangazi. Na Shangazi siku hiyo alikuwa na haraka. Saa kumi kulikuwa na kikao cha akina mama kanisani, mwenyekiti wao alikuwa anagawa masomo ya mwezi, na minong'ono ilikuwa imemfikia kwamba Jumapili hii atapewa yeye: uongozi wa kumcha Mungu. Kiongozi hachelewi kikao cha uongozi. Aliitazama fremu ya mbao, akaitazama saa ya ukutani, akaona nusu saa haipo. Akavibeba vile vifurushi moto moto, akavipanga juu ya toroli la chuma, akalisukuma mpaka stoo ya upasuaji, akafunga mlango. Shavuni havikufika. Yaani alivunja sheria yake mwenyewe ili awahi kwenda kufundishwa namna ya kuongoza. Ningekuwa shetani ningechukua likizo siku hiyo, maana kazi ilikuwa inajifanya yenyewe.

Na somo alilipata. Alipewa mwanamke mwenye hekima wa mji wa Abeli, katika kitabu cha pili cha Samweli. Akalipenda mara moja. Jumatano saa tatu, wakati wa chai, kabla Katibu hajatokea na sinia lake, alikuwa ameshalifanyia mazoezi mbele ya wanawake wake, kikombe mkono mmoja, daftari mkono mwingine.

Kwa asiyekijua kisa: mtu mmoja anaitwa Sheba ameasi dhidi ya mfalme Daudi, akakimbilia Abeli na kujificha humo. Yoabu, jemadari wa mfalme, anakuja na jeshi, anauzingira mji, na watu wake wanaanza kuupiga ukuta uanguke. Wanaume wa mji hatusikii wakisema lolote. Labda walikuwa kwenye kikao. Mwanamke mmoja, ambaye hata jina lake halikuandikwa, anajitokeza na kupaza sauti: niitieni Yoabu. Hataki askari, hataki msaidizi wa askari. Yoabu anakuja. Mwanamke anamuuliza kwanza kama ndiye Yoabu kweli. Ndiye. Basi anampa lake: mji huu ni mama, tangu zamani watu huja hapa kutafuta shauri, wewe unataka kummeza mama kwa sababu gani? Jemadari mzima anaanza kujitetea, hapana, hapana, sina nia hiyo, namtaka mtu mmoja tu. Mama anamjibu kwamba kichwa cha huyo atatupiwa juu ya ukuta. Halafu anawaendea watu wote kwa hekima yake, wanasikilizana, kichwa cha Sheba kinaruka ukuta, tarumbeta inalia, jeshi linakwenda zake.

Shangazi alikuwa ameandika masomo saba. Kiongozi haagizi mtu kwenda ukutani, anakwenda mwenyewe. Kiongozi anazungumza na mwenye uamuzi. Anauliza kabla ya kulaumu. Anawaendea watu wake kabla ya kutenda. Sitayamaliza, kwa sababu, kama utakavyoona, hata yeye hakuyamaliza. Wanawake walipiga makofi. Redio alisema mahubiri kama hayo hata mchungaji hayawezi. Saa nne sinia likaingia.

Alhamisi ndipo somo lilipomgeuka mwalimu.

Walikutana wakati wa chai, wote, isipokuwa Chapchap ambaye alibaki peke yake kwenye meza ya kukunjia. Redio ndiye aliyeanza.

"Mkuu, tusizunguke mbuyu. Uzi ni mwekundu. Kila mtu ameona."

"Uzi unasema nani alifunga," Shangazi alisema. "Hausemi kilichotokea baadaye."

"Baadaye kimetokea nini? Vilitembea vyenyewe vikaenda kuoga?" Wenzake wakacheka kicheko kile cha watu wenye hofu. "Mimi simchukii yule binti, Mungu ni shahidi. Lakini sisi tuko kumi na wawili, na wewe wa kumi na tatu. Tuna watoto. Jana tu umetufundisha mwenyewe hapa hapa. Mji mzima, au kichwa kimoja. Yule mama wa Abeli alifanyaje?"

Shangazi akainuka, akaenda kukagua bomba lisilovuja.

Chapchap ana miaka ishirini na sita. Jina hilo walimpa kwa sababu alikuwa anakunja shuka huku mdomo unakimbia mbele ya mikono, na mikono inakimbia mbele ya macho ya watu. Alhamisi hiyo alikuwa amekuwa polepole. Kila kifurushi alikiweka shavuni mara mbili, mara tatu, shavu la kulia, shavu la kushoto, kama mtu anayemuaga ndugu kituoni. Mchana alimfuata Shangazi kwenye chumba cha nguo chafu, akasimama kati ya magunia.

"Mama, nimewaza tangu jana. Nadhani ni mimi."

"Usiseme hivyo."

"Nilitoka kunawa kabla ya kufunga. Labda sikujikausha vizuri. Labda maji yaliingia kwenye mikunjo. Nakumbuka nilijikausha, lakini kila nikikumbuka, nakumbuka kidogo zaidi ya mara ya kwanza."

"Maji ya mikono hayalowanishi vifurushi sita."

"Basi nini? Nyuzi ni zangu."

Shangazi akamwambia, "Tutaona."

Tutaona. Hilo ni neno la mtu ambaye ameshaona.

Jioni hiyo nyumbani hakupiga pasi. Ilikuwa mbaya zaidi. Alitembea. Kutoka jikoni hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi jikoni, anashika kiti, anakiacha, anafungua kabati, anaitazama sufuria kama imemtukana, anafunga. Daftari la somo lilikuwa mezani, kalamu juu yake. Aliketi mara moja akaandika neno, akalikata, akainuka.

"Umenipita mara kumi na moja," alisema fundi saa bila kuinua kichwa. "Kazi yangu ni saa. Siwezi kuacha kuhesabu."

"Hivi yule Sheba," Shangazi alisema, "alikuwa na hatia kweli?"

"Sheba yupi? Wa ukoo wetu?"

"Wa kwenye Biblia, baba!"

"Aa, huyo. Si aliasi? Alistahili. Ingekuwa walikosa kumpata wakamtupa mtu mwingine aliyekuja kuuza vitunguu, hapo ndipo pangekuwa na neno."

Shangazi akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa kwa siku mbili, na alikaa vibaya, ukingoni, kama mgonjwa anayengoja kuitwa.

"Ni mimi niliyevipanga," alisema. "Juu ya toroli. Vya moto."

Fundi saa akaitoa ile lenzi yake ndogo jichoni. "Vyote sita?"

"Vyote."

"Juu ya chuma?"

Hiyo sheria katika nyumba yetu kila mtu anaijua. Hata mkate ukitoka motoni hatuulazi kwenye sinia la bati. Fundi saa alisugua jicho lake kwa muda.

"Nani anajua?"

"Mungu."

"Huyo hayumo kwenye bodi." Halafu akaona mzaha umeanguka vibaya, akashusha sauti. "Na mimi. Sasa tumekuwa watatu."

"Nimebakiza miaka mitatu nistaafu."

"Najua."

"Watanivua ukuu."

"Watakuvua."

"Yule Redio atacheka mpaka aumwe mbavu. Na Jumapili nitasimama mbele ya akina mama niseme nini? Mimi, na masomo yangu saba?"

"La Jumapili lina siku tatu," alisema fundi saa. "La kesho lina saa sita mchana."

Hakumwambia afanye nini. Mtu angetaka amwambie, walau aseme fanya hivi, ili kuwe na wa kulaumiwa. Alirudisha lenzi jichoni akaendelea na saa ya watu. Shangazi akainuka akaanza tena, jikoni, mlangoni, jikoni. Alipokwenda kulala tulimsikia anageuka kitandani kama nguo ndani ya mashine.

Ijumaa asubuhi alikuta karatasi juu ya meza ya kukunjia. Redio alikuwa ameiandika kwa mwandiko wa shule, mzuri, umesimama wima: sisi wafanyakazi wa dobi tumekaa, tumekubaliana, tunamtaja fulani. Sahihi kumi na mbili zilishajaa chini yake. Ilikuwa imebaki nafasi ya mkuu wa idara. Lakini si hiyo iliyomkata Shangazi maini. Ni kwamba Chapchap alikuwa amesimama hapo, ameinama, anaomba kalamu.

"Ya nini?" Shangazi aliuliza.

"Na mimi nisaini," Chapchap alisema. "Kama inawasaidia wenzangu. Wasije wakasema nilibishana."

Hata Redio aliangalia pembeni.

Shangazi aliinyakua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa aproni. "Rudini kazini," alisema, na akatoka. Hakunawa. Alipita mlango wa nguo safi bila kunawa, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Ofisi ya Katibu iko ghorofa ya pili. Alipanda ngazi mara mbili, maana mara ya kwanza alifika juu akateremka tena, akasimama karibu na dirisha la dawa kama mtu aliyesahau cheti. Mara ya pili hakusimama. Alibisha, akaingia, na kichwa chake chote kilikuwa kimejaa kile kisa, kwa hiyo kitu cha kwanza kilichomtoka kilikuwa, "Wewe ndiwe Katibu?"

Katibu akamtazama. "Mama, tuna miaka tisa tunafahamiana."

"Ndiyo. Samahani. Nilitaka kuhakikisha." Akasogea mezani. "Nikuulize. Unataka jina, au unataka vifurushi vikavu?"

"Nataka vyote viwili. Lakini leo saa nane nahitaji jina, na bahati nzuri nimeshalichapa." Alizungusha barua ili aisome. Jina la Chapchap lilikuwapo, majina yote matatu, kwa herufi kubwa. "Bado sahihi yako tu."

"Si yeye."

"Uzi ni wake."

"Mkono ni wangu. Nilivitoa mimi, nikavilaza juu ya toroli vikiwa vya moto, nikaenda zangu kanisani. Yeye hata hakuwapo."

Katibu akainuka akaufunga mlango, na akaketi karibu, na sauti yake ikawa ndogo, lakini safari hii si ya hasira. Ilikuwa ndogo kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya.

"Mama, sikia. Hilo umeniambia mimi, na mimi nina masikio mabovu. Mashine ile hakuna mwingine anayeijua. Ikizimika, wewe ndiye unayejua pa kuipiga teke. Yule binti tutampata mwenzake ndani ya wiki mbili. Nikienda na jina lako, bodi itauliza: kama mkuu mwenyewe ndiye, idara ya nini? Fikiria wenzako kumi na wawili. Unawasaidia wao, si wewe."

Hapo, anasema Shangazi, ndipo alipotaka kusaini. Si kwa sababu ya ukuu. Kwa sababu maneno yalikuwa na akili. Yalikuwa yamevaa vizuri, yana viatu. Alikaa akiitazama kalamu ya Katibu. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini. Chini uani mtu alikuwa anaburuta ndoo. Akawaza jambo moja ambalo hakuwa ameliandika kwenye daftari: kwamba yule mama wa Abeli, kabla hajaahidi kichwa, alimwacha Yoabu ataje mwenyewe anamtaka nani na amefanya nini. Hakuahidi kichwa chochote kilicho karibu.

Akachukua kalamu. Akalikata lile jina refu kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika lake juu yake.

"Mama! Barua rasmi haikwaruzwi hivyo."

"Basi chapa nyingine. Nakungoja."

Alingoja. Katibu alichapa kwa vidole viwili, kila herufi kama anaipiga msumari. Alipomaliza, Shangazi akasaini, halafu akasema, "Na lile toroli litandikwe mbao juu. Andika na hilo."

"Huna nafasi ya kudai kitu."

"Ndiyo maana nadai sasa hivi. Saa nane sitakuwa na nafasi kabisa."

Aliliandika. Kwa nini aliliandika sijui. Labda alitaka tu atoke.

Bodi ilikaa dakika arobaini. Dobi imebaki, kwa kuangaliwa miezi sita. Shangazi amevuliwa ukuu na kupelekwa mlango wa nguo chafu, kuchambua magunia, mahali pa mtu wa kwanza kuajiriwa. Anayekaimu ukuu ni Redio. Ndiyo, Redio. Mungu ana ucheshi wake, na haombi ruhusa.

Lakini kabla ya bodi, ile saa sita, ilibidi ateremke awaambie. Alisimama kwenye ncha ya meza ya kukunjia, akaitoa karatasi mfukoni, akaiweka, akasema yote kwa sentensi tatu. Mashine ya pasi ilizimwa.

"Kwa hiyo sisi sote tumesaini uongo," alisema Redio.

"Ndiyo. Kwa sababu yangu."

Redio akaichukua karatasi, akaichana, taratibu, vipande vidogo sana, na kwa mara ya kwanza katika historia ya chumba kile hakutangaza kitu.

Shangazi alimgeukia Chapchap. Nadhani alitegemea machozi, au kukumbatiwa, au walau pumzi ya mtu aliyetua mzigo. Chapchap alikuwa ameshika shuka kwa pembe mbili.

"Siku mbili, Mama," alisema. "Siku mbili umeniacha naiangalia mikono yangu. Nilikuja nikakwambia nadhani ni mimi, ukaniambia tutaona."

"Naomba unisamehe."

"Nitakusamehe. Si leo."

Akakunja shuka. Upesi sana, chap, chap, akachukua lingine.

Jumamosi mwenyekiti wa akina mama alifika nyumbani, maana habari ilishatembea; Redio alinyamaza kwa saa chache tu, hakufa. Alileta maneno laini. Alipendekeza Shangazi apumzike, somo lichukuliwe na mwingine, watu wasije wakakwazika. Shangazi alikuwa amesimama muda wote wa mazungumzo, mgeni ameketi. "Nitasema kwa ufupi," alijibu. Hakuomba, alitoa taarifa.

Jumapili, kanisani, alisema kwa dakika nne. Nilikuwapo. Daftari alikuwa nalo lakini hakulifungua, alikuwa analihamisha mkono huu kwenda huu. Alikisimulia kisa, kisha akasema alikuwa na masomo saba na sita ameyaacha nyumbani.

"Yule mama alifanya jambo moja ambalo mimi sikulifanya," alisema. "Aliwaendea watu wake wote kabla kichwa hakijatupwa. Mimi nilikwenda ofisini kwanza, nikarudi kwao nimeshamaliza. Mmesikia watu wanasema nilikuwa jasiri. Haikuwa ujasiri. Niliogopa macho ya binti mmoja kuliko nilivyoogopa bodi. Kila mkuu anakosea. Lakini kosa la mkuu lina tabia ya kutafuta nyumba ya mdogo wake likalale huko, na mkuu akiamka anakuta kwake ni pasafi. Anayemcha Mungu anakwenda kulitoa. Akichelewa siku mbili, basi amechelewa siku mbili, na asijipongeze." Akatafuta neno la kumalizia, hakulipata, akaketi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti akasema tuimbe, wimbo ukaanzishwa juu mno, nusu ya akina mama wakabaki chini wanautazama.

Chapchap alikuwapo, benchi la nyuma kabisa. Ibada ilipokwisha, Shangazi aliwahi mlangoni, akasimama hapo anapeana mikono na watu asiowaona, macho yake yakiwa nyuma yao. Chapchap alitoka na wenzake. Alipofika alipunguza mwendo kidogo, akasema, "Shikamoo, Mama," akapita.

Shangazi alichelewa kujibu. Marahaba yake ilimkuta Chapchap ameshafika getini.

Nyumbani hakuketi. Alihamisha viti viwili, akavirudisha.

"Alisema kwa sauti gani?" aliuliza.

"Nani?" fundi saa aliuliza, ingawa alijua.

"Ile shikamoo. Ulikuwa karibu. Ilikuwa sauti gani?"

"Ya kawaida."

"Kawaida ya kabla, au kawaida ya sasa?"

Fundi saa alifikiri kwa uaminifu, kama anavyofikiri juu ya saa ya mtu. "Sikuweza kujua," alisema. "Ilikuwa fupi."

"Fupi," Shangazi alisema. Alikwenda hadi dirishani. "Lakini alisema Mama. Hakusema shikamoo tupu. Ulisikia alisema Mama?"

"Nilisikia."

"Huenda ni mazoea tu."

"Huenda."

"Kesho yeye ndiye mwenye zamu ya kuleta magunia ya wodini. Atayaleta mlangoni kwangu." Aligeuka. "Nimwambie nini?"

"Mpokee magunia," alisema fundi saa.

Shangazi akasimama katikati ya chumba, mikono imeinuka kidogo mbele yake, tayari, kama gunia lenyewe limeshafika.